Traka ya kanta yangu hapa Nakuru: kwa wizi iko sawa, kwa hijaki uliza maswali kwanza

Watu wa soko wamekuwa wakiniuliza kama traka (kifaa cha kufuatilia gari) niliyofunga kwenye kanta, lori langu dogo, inafaa pesa yake, na kila mara najibu nusu nusu juu tuko haraka, kwa hivyo wacha niandike yote hapa mara moja. Kwa ufupi duka ni zuri, fundi anajua kazi, ofisi yao ya usiku ndio sababu kubwa ya mimi kulipa tena, apu yao ni ya wastani, na kuna kitu kimoja wanakiuza kwa jina kubwa kuliko kazi yake. Jina la duka siweki, maduka ya aina hii yamejaa hapa mjini kuanzia Industrial Area mpaka Shabab na mengi yanauza vifaa vilevile, ninachotaka ni ujue cha kuuliza ukiingia popote.

Biashara yangu ni waru (viazi) na kabeji. Tunapakia Mau Narok, tunashukisha Wakulima hapa Nakuru, na mara nyingine mzigo unaenda mpaka Kibuye kule Kisumu. Ya Kisumu dere anatoka usiku ili afike kabla soko halijachangamka, na njia ni ile ya Salgaa, Sachangwan, Mau Summit, halafu unakata kushoto unaelekea Kericho. Mwenye amepita hapo saa nane usiku na gari imejaa, inapanda mlima kwa gia ya pili, anajua roho inavyokuwa. Malori ya tranziti ya Malaba na Busia yanatembea na sili ya elektroniki ya KRA, watu wa ushuru, inayofuatilia mzigo njia yote, sisi wenye kanta moja tuna dere na tanboi, yule msaidizi wake, tu.

Kufunga kwenyewe kulienda vizuri. Fundi ni kijana mtulivu, hakuanza kukata nyaya ovyo, alipima betri kwanza, akauliza gari inalala wapi na nani wanaiendesha. Nilipenda sana venye alikataa kuiweka chini ya deshibodi, akaniambia, "Mama, hapo ndio mwizi anaangalia kwanza, na kila mtu aliyefungiwa traka Nakuru hii imewekwa hapo." Akaiweka mahali pengine na sitasema ni wapi, na hata tanboi wangu alimwomba kwa heshima atoke nje ya geti kidogo wakati wa kuificha. Ina kibetri chake ndani, kwa hivyo mtu aking'oa betri ya gari bado inatuma meseji kwa muda, na ofisi inaona kwamba umeme umekatwa. Kazi ya waya ilikuwa safi, ameifunga na tepu ile ya kitambaa, hakuna fyuzi imeungua mpaka leo.

Sasa nije kwa jina kubwa. Wana paketi mbili. Moja ni ya kawaida, unaona gari iko wapi, inatembea kasi gani, ikitoka nje ya mpaka uliouweka unapigiwa. Ya pili wameibandika stika nyekundu imeandikwa ANTI-HIJACK na bei inaruka juu sana, na ukiuliza nini imeongezwa wanakuambia kuna kitufe cha dharura cha dereva na rilei, yaani swichi ya umeme, ya kuzima injini ukiwa mbali. Kijana wa kaunta aliniambia hijaki na wizi wa gari ni kitu kimoja tu, lakini hii paketi ni kali zaidi. Hapo ndipo sikukubaliana naye, na nitaeleza kwa nini, juu ukilipia kitu bila kujua kinazuia nini utakuja kulia siku ya shida.

Gari ikiibiwa mtaa wa Section 58 usiku imeegeshwa nje ya nyumba, huo ni wizi. Mwenyewe amelala, dereva amelala, chuma imeenda. Hijaki ni kitu kingine kabisa, chombo kiko safarini, kina mtu kwenye usukani, na mwizi hachukui usukani peke yake, anachukua na huyo mtu. Na ukifuatilia neno lilikotoka utaona lilikuwa hivyo tangu mwanzo. Ni la Kiingereza cha Marekani, na lilivuma miaka ya 1920 wakati serikali yao ilipiga pombe marufuku nchi nzima, kuanzia 1920 mpaka 1933. Pombe haikuisha, iliingia gizani. Malori yalipita usiku yamebeba wiski, nyingine imevushwa kutoka Kanada, na kukatokea magenge ambayo kazi yao haikuwa kupika wala kuuza, wao walikuwa wanangoja barabarani, wanasimamisha lori la mtu, wanaondoka na mzigo wote. Hao ndio waliitwa mahijaka. Shabaha ilikuwa mzigo, na ndege hazikuwa kwenye hiyo hadithi hata kidogo.

Kuhusu neno lenyewe limeundwaje watu wanasimulia hadithi tamu, ile maarufu zaidi ni kwamba jambazi alikuwa anamwambia dereva ainue mikono juu, "high, Jack", na Jack huko ni jina la kumwita mwanaume yeyote usiyemjua, kama sisi tunavyosema buda. Wengine wanasema ni barabara kuu, highway, imeunganishwa na jacker, yaani mporaji. Waandishi wa kamusi wenyewe wanasema asili yake haijulikani kwa uhakika, na hiyo ya mikono juu wengi wao wanaiona kama hadithi iliyotungwa baadaye kulielezea neno. Mimi hiyo ya barabara kuu ndio inaniingia akilini zaidi, lakini hapo ni maoni yangu.

Lakini kilichonigusa kwenye hiyo historia ni kitu kingine. Yule mwenye wiski akiporwa hakuwa na pa kwenda. Atamwambia polisi nini, kwamba pombe yake haramu imeibwa? Ndio maana hao majambazi waliwachagua hao, walikuwa wanapora mtu asiyeweza kupiga ripoti. Na hii nimeiona hapa kwetu kwa macho, mwenye kubeba makaa bila kibali, mwenye bima imeisha, mwenye logibuku (hati ya umiliki wa gari) bado ina jina la mtu aliyemuuzia, hawa wakinyang'anywa gari wanaanza kuzunguka kwa marafiki badala ya kukimbia stesheni. Wanaogopa maswali. Ndipo nikaelewa kwa nini hawa watu wa traka, siku ya kwanza kabisa, walitaka nakala ya logibuku na kitambulisho, na wakaniambia wazi kwamba gari ikichukuliwa watatafuta, watatoa mahali ilipo kwa polisi, lakini watataka namba ya OB, ile ya ripoti kwenye daftari la polisi. Wateja wengine walikuwa wanalalamika hapo kaunta eti ni usumbufu. Kwangu hiyo ni alama ya duka linalojua kazi yake, kwa sababu bila OB hakuna askari atatoka kukamata gari ya mtu juu ya simu ya duka, na bila abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kuonyesha umeripoti, bima hawatakuskiza. Duka likikuambia halihitaji karatasi zozote, lina vijana wao wa kurudisha gari, ondoka hapo.

Turudi kwa kitufe na rilei, juu hapo ndio nina maneno mengi.

Rilei ya kuzima injini inaonekana tamu sana ukielezwa. Unabonyeza kwa simu, gari inazima, mwizi anabaki hapo. Kwa gari iliyoibiwa ikiwa imeegeshwa, ndiyo, inasaidia sana. Lakini fikiria hijaki, dere wangu yuko ndani, pengine amelazwa chini ya kiti, ama yeye ndiye anaendesha na mtu yuko kando yake na silaha. Mimi niko kitandani Kiamunyi nimeona gari imetoka njia, nakasirika, nabonyeza. Gari inazima mteremko wa Sachangwan na mzigo wa tani kadhaa, pawa ya usukani inakufa, breki zinaanza kuwa nzito. Au inazima mahali pa giza na hao watu wanamgeukia dere wanafikiri yeye ndiye amefanya. Nimeokoa kanta nimepoteza mtoto wa mtu.

Hata kwa ndege hijaki ni mtu kwanza. Wenye umri wangu wanakumbuka ile iliyotekwa ya Ethiopian Airlines, Novemba 23 mwaka 1996, iliyotoka Addis Ababa ikija Nairobi. Watu watatu waliingia kwa rubani wakataka wapelekwe Australia. Rubani, Leul Abate, aliwaambia mafuta hayatoshi, hawakumwamini, na mafuta yakaisha kweli kweli juu ya bahari karibu na Comoro. Ndani walikuwa watu 175, wakafa 125, na mmoja wao alikuwa Mohamed Amin wetu, mpiga picha aliyefanya dunia ione njaa ya Ethiopia ya 1984. Kwa hiyo ndege rubani hakuachia chombo mpaka mwisho, mikono yake ilikuwa pale, kilichotekwa ni amri. Hata ile inayotajwa sana kama ya kwanza kabisa, Arequipa huko Peru mwaka 1931, ilikuwa hivyo hivyo, wanamapinduzi walimzunguka rubani Mmarekani Byron Rickards akishatua wakamtaka awarushe wanakotaka, akakataa, wakamzuilia kwa siku kadhaa. Hijaki ya kwanza tunayosimuliwa ya ndege na ndege haikuruka hata! Ni mtu aliyezuiliwa. Na kwa Kiswahili tukisema kuteka nyara tunaweka ndege na binadamu kwenye kapu moja, na siku hizi redio ikisema utekaji nyara mtu anafikiria kijana aliyechukuliwa nyumbani kwao kabla hajafikiria chombo chochote, na mimi naona ni haki iwe hivyo.

Sheria yetu pia inatenganisha. Kuiba gari iko kwa Penal Code, sheria ya makosa ya jinai, kifungu cha 278A, miaka 7. Lakini wakija wawili au mmoja akiwa na silaha wakakunyang'anya, hiyo inaingia wizi wa mabavu, 296(2), ambayo adhabu iliyoandikwa ni kifo. Hata waliotunga sheria waliona tofauti ya gari iliyolala na gari yenye mtu.

Kwa hivyo nilimuuliza meneja wao maswali haya uso kwa uso, mama mmoja hivi mwenye sauti ya chini, na yeye ndiye aliyefanya nilipe paketi ya bei ya juu. Aliniambia wao hawazimi injini kama gari inatembea, na hawazimi kama hawajui dereva yuko wapi, hata mwenye gari apige kelele kwa simu namna gani. Kwanza wanahakikisha dereva ameshuka ama ameachwa mahali, ndio wanaongea na polisi, ndio wanazima gari ikiwa imesimama ama inatembea polepole kabisa. Akanionyesha kwamba kwenye apu yangu mimi mteja hakuna batani ya kuzima, iko kwao tu. Kuna wateja hiyo wanaichukia wanasema gari ni yao. Mimi nilimshika mkono nikamwambia asante dada, hapo umeniweza.

Na kitufe kimefanya kazi. Dere wangu alikuwa anapandisha kutoka Salgaa na mzigo wa Kisumu, Probox ikampita ikasimama mbele yake imekaa mshazari, watu wawili wakashuka. Alibonyeza. Ofisi ilimpigia kabla hajamaliza kufikiria, na hawakusema wao ni nani, mwanamke aliongea kama mtu wa nyumbani akauliza swali tulilopanga siku ya kufunga, swali ambalo jibu moja linamaanisha niko sawa na jibu lingine linamaanisha nisaidie, na bila shaka siliandiki hapa. Dere akajibu la pili. Hawakumuuliza kitu kingine, hawakuzima chochote, walipigia polisi wa huko juu na wakanipigia mimi, na mwanamke mwingine akabaki nami kwenye laini ananiambia gari iko wapi kila dakika. Kilichofukuza wale watu ni foleni ya malori ya tranziti iliyotokea nyuma na mataa yote yamewaka, wakarudi kwa Probox wakaenda. Siwezi kusema walikuwa majambazi, labda walikuwa na shida yao, lakini naweza kusema venye hiyo ofisi iliongea na mimi usiku ule, taratibu, bila kuniongezea hofu, mpaka dere akafika kituo cha mafuta Mau Summit akanipigia mwenyewe. Hiyo ndio ninalipia. Kifaa kile unaeza kukinunua mtandaoni kwa bei ya chini na ukajifungia, lakini hakuna mtu atakupigia saa tisa.

Mabaya sasa. Mau Narok traka inapotea kwenye ramani. Inatakiwa ueleweshwe hii kabla ya kulipa na kaunta hawakunieleza, ni fundi aliniambia nikirudi kuuliza. Traka inajua iko wapi kwa setilaiti za GPS zilizo juu huko kilomita kama 20,200, na hizo hata bondeni inaziona vizuri, lakini ili ikuambie wewe inatumia laini ya simu ya kawaida iliyowekwa ndani. Hakuna netwaki, hakuna habari. Inaweka kumbukumbu yenyewe halafu ikirudi kwa mtandao inatuma zote kwa mpigo, kwa hivyo kwenye ramani unaona kanta imekaa kwa shamba la mtu nusu saa halafu ghafla iko Njoro. Na mtu akiwa na mashine ya kuziba netwaki, ni vilevile. Ofisi wanasema ikinyamaza mahali ambapo kwa kawaida inaongea wao wanapata alamu, na nimewaona wakinipigia kuuliza, ila nilitegemea stika nyekundu ya bei ile iwe na laini mbili za kampuni tofauti ndani ama kifaa cha pili cha redio.

Juu redio inawezekana, sio ndoto. Kifaa kile cha Marekani kinachoitwa LoJack, kilichoanza kuuzwa jimbo la Massachusetts mwaka 1986, kilikuwa cha redio, na magari ya polisi yenyewe yalifungwa mashine ya kupokea mlio wake. Jina walilitunga makusudi kama kinyume cha hijack, wakatoa hi wakaweka lo. Miaka michache baadaye, 1991, gazeti la Detroit News likaanza kuandika carjacking kwa wale wanaonyang'anya gari dereva akiwa ndani, na mwaka uliofuata Marekani ikaifanya kosa la sheria ya nchi nzima. Angalia vile neno limezunguka, lilianza kwa mzigo wa lori, likapanda ndege, likarudi barabarani kwa gari ndogo, na sasa liko kwenye stika Nakuru linauziwa mwenye kanta ya waru, ambaye ndiye hasa mtu lilianza naye.

Apu iko kwa Kiingereza pekee na dere wangu, ambaye anaendesha vizuri kuliko wengi waliosoma, hawezi kuitumia bila kuuliza. Meseji za onyo pia. "Ignition on, geofence exit", sasa hiyo mtu wa Elburgon aliyeacha shule mapema aelewe nini usingizini? Niliwaambia waandike gari imewashwa, gari imetoka mpaka, hata mtoto ataelewa. Wamesema watafanya, mpaka sasa hawajafanya, na hapo nimewakata alama.

Bei sitaiandika yote maana wanabadilisha na wanapunguza ukiwa na magari zaidi ya moja, ila jua kuna ya kufunga unayolipa mara moja na kuna ya kila mwaka, na hiyo ya mwaka ndio inabeba ofisi ya usiku. Watu wengi wanalipa ya kufunga kwa furaha halafu mwaka ukiisha wananyamaza, laini inazimwa, na wanaendelea kutembea na stika dirishani wakidhani wamelindwa. Wakikupa risiti angalia tarehe ya mwisho imeandikwa.

Kwa mwenye gari ndogo ya kwenda kazini inayolala ndani ya geti, paketi ya kawaida inatosha, usikubali kusukumwa. Kwa mwenye matatu ama lori la usiku chukua ya kitufe, lakini kabla hujatoa pesa uliza nani ana ruhusa ya kuzima injini na watafanya nini dereva akiwa bado ndani, na ukiona mtu wa kaunta anacheka hilo swali nenda duka linalofuata. Omba pia uonyeshwe ofisi ya usiku kwa macho, sio picha ukutani. Hawa walinipeleka juu ghorofani nikaona watu wameketi, ramani zimewaka, daftari la simu limeandikwa saa na jina.

Nenda siku ya wiki asubuhi, Jumamosi magari ya sako yanajaa hapo na fundi anaharakishwa. Na uende na dere wako, akae kwenye kiti chake, kitufe kiwekwe mahali mkono wake unafika bila macho kuangalia, akibonyeze yeye mwenyewe mara kadhaa ofisi ikipokea, kabla hamjatoka hapo.